Waulize Walimu: Mwaka mzima wa kujifunza kwa vitendo, kuanzia mvua za Januari mpaka kumbikumbi watoke

Mwezi huu barua na meseji karibu zote zimegusa jambo moja, kufundisha kwa vitendo shule za msingi. Nadhani ni kwa sababu mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika 2024 unasisitiza sana mtoto atende, na walimu wengi wameachiwa wajijue wenyewe wataanzaje. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatafaa watu wengi, mengine nimeyafupisha kidogo.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nafundisha Darasa la Nne huku Mbalizi, Mbeya. Darasa lina watoto 94, maabara hatuna, hata sumaku moja hatuna. Mwalimu mkuu kasema kila mtu alete mpango wa vitendo wa mwaka mzima. Nimekaa na kalenda sijui naanzia wapi. Nisaidie. (Mwalimu, Mbalizi)

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole na darasa kubwa. Hiyo kalenda iweke pembeni kwanza, toka nje uangalie mawingu. Huku Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaanza Novemba unaisha Aprili au Mei, halafu inakuja baridi na kiangazi, na hiyo ndo ratiba yako, imeshapangwa tayari. Shida naiona kwa walimu wengi ni kwamba wanachukua orodha ya majaribio kitabuni wanayatawanya kwenye miezi, unakuta mtu anafundisha mvua mwezi wa 8 vumbi limejaa mpaka kwenye madawati. Kitu kifundishwe pale kipo, mtoto akiguse.

Januari shule zinafunguliwa mvua iko katikati, kwahiyo anza na kipimo cha mvua. Tafuta chupa ya maji ya plastiki ya lita moja na nusu, ile yenye ubavu ulionyooka, ikate juu pale mabega yanapoanzia, kile kipande cha juu kigeuze mdomo uangalie chini ukirudishe ndani ya chupa kama faneli. Chini weka kokoto isiangushwe na upepo, mimina maji mpaka yafunike kokoto na yavuke ile sehemu ya mikunjo, piga mstari kwa kalamu isiyofutika, hapo ndo sifuri. Kuanzia sifuri kwenda juu weka alama za milimita ukitumia rula. Ipeleke uwanjani mbali na miti na mbali na paa, ichimbie kidogo. Kila siku saa 3 asubuhi watoto wawili wa zamu wanaenda kuisoma, wanaandika kwenye chati ya ukutani, wanamwaga maji yaliyozidi mpaka yarudi kwenye sifuri. Basi. Gharama yake haifiki hata nauli ya kwenda mjini.

Sasa utamu wake uko hapa. Milimita 1 ya mvua ikinyesha kwenye eneo la mita 1 ya mraba inakuwa lita 1 ya maji, kamili kabisa. Kwahiyo watoto wapime darasa lao kwa kamba iliyowekwa alama, tuseme paa limefunika mita 8 kwa 7, hiyo ni mita za mraba 56. Usiku ikinyesha milimita 20, maji yaliyopita juu ya paa lile ni lita 1,120. Waulize hizo ni ndoo ngapi za lita 20. Ni 56. Watoto wanaochota maji bombani kila asubuhi na madumu yao wakishapata hiyo namba hutawanyamazisha, wataanza wenyewe kuuliza kwa nini shule haina mfereji wa kuvuna maji, na hapo umeshafundisha kuzidisha, kugawanya, eneo, ujazo na mazingira.

Februari ongeza kijiti. Fimbo iliyonyooka, mita 1 kutoka ardhini, isimamishwe wima mahali pa wazi, wima ipimwe kwa uzi wenye jiwe. Watoto wanaweka kijiwe pale ncha ya kivuli inapofika kila baada ya nusu saa kuanzia saa 4 asubuhi. Waambie wakisie kwanza kivuli kitakuwa kifupi kabisa saa ngapi. Wote watasema saa 6, manake ndo wamefundishwa jua la utosini ni saa 6. Waache wapime. Mbeya mwezi wa 2 mwishoni kivuli kinakuwa kifupi kabisa karibu saa 7 kamili! Sababu ni kwamba saa ya Tanzania inafuata mstari wa longitudo 45 mashariki, ambao uko mbali kwenye bahari, na sisi Mbeya tuko kwenye 33 na nusu hivi, kila digrii moja ni dakika 4, kwahiyo jua linatufikia kama dakika 46 baadaye, halafu mwezi wa 2 jua lenyewe linachelewa tena dakika 13 hivi kwa ajili ya mwendo wa dunia kulizunguka jua. Darasa la Nne usiwape maelezo yote hayo, lakini wewe ujue, kwa sababu kuna mtoto atauliza.

Na tarehe 25 Februari hivi, kama mawingu yakikubali, kivuli kitapotea kabisa Mbeya, jua liko juu ya fimbo. Litarudi hivohivo katikati ya Oktoba, tarehe 16 au 17, na wakati huo anga huwa safi zaidi na jua linafika juu mapema, saa 6 na nusu. Katikati hapo, mwezi wa 6 kivuli cha mchana kitaelekea kusini na kufika sentimita 63. Mwezi wa 12 kitageuka kielekee kaskazini, sentimita 26 hivi. Mtoto aliyepima hivyo vitu kwa mkono wake kila mwezi hahitaji kukariri kwamba jua linahama kwenda kaskazini na kusini, ameliona likihama.

Machi na Aprili nenda kwenye mahindi. Kila shule huku imezungukwa na mahindi, hata kama si ya shule. Watoto wapime urefu wa mmea uleule kila wiki, na yakishachanua uwaonyeshe mbelewele kule juu na zile nywele za hindi. Kila unywele mmoja umeunganishwa na punje moja. Unywele usipopata chavua, punje yake haijai, ndo maana kuna mahindi yenye mapengo. Mahindi mabichi yakianza kuchomwa mtaani waambie kila mtoto ahesabu mistari ya punje kabla hajala, halafu kesho yake mkusanye namba zote ubaoni. 12, 14, 16, 14, 18. Karibu zote zitakuwa namba shufwa. Usiwaambie, subiri mtoto mmoja agundue, hata kama itachukua siku 2.

Miezi mingine naipitia haraka. Juni ni baridi na likizo. Julai na Agosti mavuno yameingia, fundisha vipimo kwa debe, kisado na mizani, fungua duka la darasa kwa pakiti tupu na hela za karatasi. Septemba shule imetulia kwa ajili ya mtihani wa Darasa la Saba, fanya vitu vya kimya kama udongo, chukua chupa yenye maji na udongo wa shambani, itikise, iache mpaka kesho, mchanga utakuwa chini, tope la katikati, mfinyanzi juu yake. Oktoba rudi kwenye kijiti. Novemba mvua za kwanza zikipiga kumbikumbi wanatoka, na hapo huna haja ya kutafuta zana, wahesabu miguu 6, mabawa 4, sehemu 3 za mwili, kabla hawajawala.

Kitu kimoja tu nakusisitizia kwa mpango wote huu. Kila tendo lianze na kukisia na liishie na kuandika. Mtoto aandike anachodhani kitatokea, ndo apime, ndo aandike kilichotokea. Bila kukisia anakuwa mtazamaji tu.

SWALI: Kamwene mwalimu. Mimi ni mzazi hapa Kihesa, Iringa. Mwanangu yuko Darasa la Nne, kila siku anarudi na tope, mara anaambiwa alete vizibo vya soda, mara majivu, mara maua ya choya. Daftari ukifungua halina kitu cha maana. Mwaka huu wana upimaji wa kitaifa. Sisi tulisoma kwa kukariri na tumefika hapa. Hivi huyu mwalimu anafundisha au anacheza na watoto? (Mzazi mwenye wasiwasi)

JIBU: Kamwene mama, au baba, hujasema. Wasiwasi wako nauelewa na sitaki kuudharau, mzazi anayefungua daftari la mtoto kila siku ni mzazi ambaye kila mwalimu angemtamani.

Majivu na choya nakuambia vilikuwa vya nini. Ukichemsha choya unapata maji mekundu. Ukidondoshea maji ya limau yanazidi kuwa mekundu, ukidondoshea maji yaliyochujwa kwenye majivu yanageuka, yanakuwa ya kijanikijani. Hiyo ni asidi na besi. Mwanafunzi aliyeona rangi ikigeuka mbele ya macho yake ukimuuliza hata baada ya mwaka atakwambia, na kwenye upimaji akikuta swali la namna hiyo hatafuti kwenye kumbukumbu ya maneno, anakumbuka kikombe. Jioni muulize mambo haya: mlikuwa mnatafuta nini, wewe ulidhani itakuwaje, ikawaje, na kwa nini. Akijibu vizuri, mwalimu anafundisha, tena anafundisha vizuri sana, na hilo tope lifue tu kwa amani.

Lakini akikujibu "tulichanganya tukacheka", basi una haki ya kwenda shuleni. Na hapa nawageukia walimu wenzangu. Daftari tupu halikubaliki. Mzazi hana macho mengine ya kuona kazi yako zaidi ya daftari lile. Mistari minne inatosha: swali, nilikisia, niliona, nimejifunza. Mtoto aiandike kwa maneno yake, na makosa ya tahajia usahihishe siku nyingine. Ukiwaandikia ubaoni wanakili wote sawa, umerudisha kukariri kwa mlango wa nyuma.

Na mzazi, ukienda usiende na hasira. Nenda siku ya vitendo, ukae nyuma uangalie. Walimu wengi watafurahi.

SWALI: Mwalimu habari. Niko Makete. Nimepanda maharage kwenye vikopo darasani mwezi wa 6 kama kitabu kinavyosema, yamekaa weee, hayaoti. Watoto wamevunjika moyo. Nifanyeje? (Mwalimu mpya)

JIBU: Kitabu hakikuandikwa kwa ajili ya Makete mwezi wa 6. Maharage yanapenda joto, udongo ukiwa baridi sana yanalala tu na mengine yanaoza. Ila usiyatupe, umeshapata jaribio zuri kuliko lile ulilolitaka. Panda vikopo vingine siku moja, mbegu zilezile, udongo uleule, maji yaleyale, nusu viache dirishani na nusu vipelekwe kwenye jiko la shule viwe karibu na joto lakini si kwenye moto. Mlinganishe kila siku. Watoto watajionea wenyewe kwamba mbegu haitosheki na maji na hewa tu, inahitaji na joto, na utakuwa umebadilisha kitu kimoja tu ukaacha vingine sawa, hiyo ndo sayansi yenyewe.

Na kwa kuwa uko Makete tumia sakitu yako. Usiku ambao anga ni jeupe, hamna mawingu, waambie asubuhi na mapema waangalie majani ya uwanja wazi na majani yaliyo chini ya mti. Kwenye uwanja kuna sakitu, chini ya mti hamna au ni kidogo sana. Kwa nini? Ardhi inapoteza joto lake kwenda juu angani, mti unalizuia. Mkulima wa viazi aliyeunguliwa na baridi anajua uchungu wake, watoto wake wajue sababu yake. Mwalimu wa Dar hawezi kulifundisha somo hilo kama wewe unavyoweza.

SWALI: Mi ni mwalimu wa taaluma wilayani Mufindi. Naunga mkono vitendo, lakini kipindi ni dakika 40. Ukigawa vifaa dakika 15 zimeisha, kelele mpaka darasa la jirani wanalalamika, ukikusanya kengele imelia. Walimu wangu wamejaribu mara moja wakaacha. Na mitihani haingoji. (Mtaaluma)

JIBU: Hapa ndo penye kazi kweli, na nashukuru umeuliza kwa uwazi, kwa sababu vitendo vingi vinakufa kwa kukosa mpangilio, mwalimu anakuwa na nia nzuri kabisa ila vifaa viko kwenye ndoo moja mbele ya darasa na watoto 90 wanaitolea macho.

Vifaa visigawiwe ndani ya kipindi. Kila kundi liwe na boksi lake, boksi la viatu au katoni yoyote, lenye namba, linakaa darasani mwaka mzima, ndani kuna vizibo, uzi, rula, vikopo 2, kijiti, mshumaa labda. Makundi yawe ya watoto 6 au 7 na yasibadilike kwa muhula mzima. Kila mtoto awe na kazi yenye jina: anayechukua boksi, anayepima, anayeandika, anayetunza muda, anayesema mbele ya darasa, anayesafisha. Kazi zizunguke kila wiki, la sivyo utakuta wale wawili wachangamfu wanashika kila kitu na wasichana wa nyuma wanaandika tu, hilo nimeliona shule nyingi na linaniuma. Wiki 2 za kwanza usifundishe jaribio lolote, fundisha kutoa boksi na kurudisha boksi, kama vile askari wanavyofundishwa paredi. Ukishamaliza hapo, kugawa vifaa kunachukua dakika 2.

Kipindi chenyewe kigawe hivi: dakika 5 swali na kukisia, dakika 15 kutenda, dakika 10 kuandika, zinazobaki makundi 3 tu yanasema walichopata, si yote, mengine yatasema wiki ijayo. Darasa likiwa kubwa mno, nusu wanatenda nje nusu wanafanya zoezi la kuandika ndani, halafu wanabadilishana kipindi kijacho. Na kama ratiba inaruhusu omba vipindi viwili vifuatane mara moja kwa wiki, wewe ndo mtaaluma, kalamu ya ratiba iko mkononi mwako.

Kelele. Kuna kelele ya kazi na kelele ya vurugu, na mwalimu anazitofautisha akiwa amefumba macho. Kwa kelele ya kazi ongea na mwenzako wa darasa la jirani kabla, mwambie Alhamisi kipindi cha nne tutakuwa na sauti, yeye atoke nje na wake siku hiyo.

Kuhusu mitihani, mi siamini kwamba mnatakiwa kuchagua kimoja. Tendo moja kwa wiki kwa kila somo linatosha, vipindi vingine fundisheni kama kawaida, fanyeni mazoezi ya maswali. Ila hayo maswali yatungwe kutokana na walichotenda. Mmepima mvua? Swali la wastani litoke kwenye chati yenu ya mvua, si kwenye kitabu.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa Darasa la Sita Mbozi. Shangazi yangu amekuja kutoka Dar es Salaam anasema maharage ya huku hayaivi, anasema kuni zetu mbaya. Mwalimu anasema ni kwa sababu ya mlima. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwalimu wako yuko sahihi, na shangazi msalimie sana usimwambie nimemsema. Dar iko usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzijoto 100. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, inayakandamiza maji kidogo, kwahiyo yanachemka mapema kabla hayajapata joto lote. Mbeya mjini, kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Yakishachemka hata uongeze kuni vipi hayapandi zaidi, yanageuka tu mvuke. Kwahiyo maharage ya huku yanapikwa kwenye maji yenye joto dogo kuliko ya Dar, lazima yachukue muda zaidi.

Lakini usiniamini tu mimi. Kama shule ina kipimajoto kinachofika nyuzi 100 na zaidi, mwombe mwalimu mpime maji yanayotokota, yeye ndo ashike, wewe usome. Nyumbani na mama fanyeni hivi: maharage ya aina moja gawanyeni mara mbili, nusu yalowekeni usiku kucha nusu msiloweke, yapikeni kwenye sufuria zinazofanana, moto unaofanana, zote zikiwa na mfuniko. Andika saa ya kuanza na saa ya kuiva. Ukipata jibu mwandikie shangazi.

SWALI: Ndaga mwalimu. Natoka Tukuyu, nafundisha Hisabati Darasa la Pili na la Tatu. Nipe vitendo visivyo na gharama. (Mwalimu wa Hisabati)

JIBU: Ndaga fijo. Tukuyu mna mgomba, hamhitaji duka. Mkungu mmoja una chana kadhaa, kila chana ina ndizi zake, hapo una makumi na mamoja, una kuzidisha na una kugawanya, waanze kwa kukisia mkungu una ndizi ngapi halafu wahesabu chana kwa chana. Vijiti vya makumi: vijiti 10 vinafungwa kwa kamba ya mgomba vinakuwa kitita kimoja, vitita 10 vinafungwa tena vinakuwa mia. Mtoto wa Darasa la Pili anayeshindwa 42 kutoa 17 kwenye daftari, mpe vitita 4 na vijiti 2, mwambie akupe 17. Atakwama, ataangalia, atafungua kitita kimoja mwenyewe. Kile kitendo cha kufungua ndo "kukopa" kunakowatesa watoto wengi, na akishakifanya kwa vidole vyake kalamu inafuata.

Wakubwa kidogo wafundishe bao. Mashimo 32, kete 64, chimbeni uwanjani tumieni mbegu au kokoto. Mchezaji mzuri wa bao anahesabu mbele bila kugusa, hiyo ni hesabu ya kichwa ya hali ya juu. Waite wazee wa kijijini waje wafundishe, watakuja tu, nao wana cha kutoa shuleni.

SWALI: Kamati ya shule yetu wilaya ya Iringa imekubali ziara moja kwa mwaka. Twende wapi, na tufanye nini ili isiwe matembezi tu ya kula soda? (Mwalimu wa zamu)

JIBU: Mkiwa Iringa nendeni Isimila, kama kilomita 20 tu kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya. Kuna zana za mawe walizochonga watu wa Zama za Mawe za Kale na kuna zile nguzo za udongo zilizochongwa na maji ya mvua. Kabla ya safari watoto wajaribu shuleni kufanya kazi na jiwe, kwa mfano kukata kamba ya mgomba kwa jiwe lenye ukali, mwalimu akisimamia. Wakifika pale wakiona shoka la mkono la jiwe hawataliona kama jiwe tu. Zile nguzo nazo mnaweza kuzitengeneza kidogo uwanjani, rundo la udongo na mchanga, vijiwe vichache juu, halafu mwagilia kwa kopo lenye matundu, udongo ulio chini ya vijiwe unabaki umesimama kwingine unaondoka.

Kalenga nayo iko jirani, kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa ambako fuvu lake lilirudishwa 1954 kutoka Ujerumani. Huko kazi ya vitendo ni mdomo na masikio: kabla ya kwenda kila mtoto amuulize babu au bibi anachojua kuhusu Mkwawa, aandike, akifika alinganishe na anachoambiwa pale.

Shule za upande wa Songwe na Mbeya zina Kimondo cha Mbozi, urefu kama mita 3, sehemu kubwa ni chuma, karibu asilimia 90, na nikeli kidogo. Bebeni sumaku ya spika mbovu muone. Na Rungwe kuna Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira, hapo mwalimu ashike usukani wa usalama, watoto wasisogee ukingoni.

Kila mtoto aende na swali lake moja kwenye karatasi na arudi na jibu. Asiye na swali asipande gari mpaka alipate, na wewe msaidie kulipata.

SWALI: Tumeanza kipimo cha mvua tangu Januari na watoto wanakipenda mno. Ila likizo na wikendi hamna mtu, chati ina mapengo. Tuandike sifuri? (Mwalimu, Njombe)

JIBU: Hapana, sifuri msiandike kabisa. Sifuri maana yake tulipima tukakuta haikunyesha. Siku ambayo hamna aliyepima iachwe na kistari, na watoto waelezwe tofauti hiyo mapema, ni jambo dogo lakini ndo linafanya chati yenu iaminike. Wikendi wapangeni wanaokaa karibu na shule, wawili wawili. Likizo ya mwezi wa 6 haina shida sana, mvua huko huwa imekata, ila Desemba ndo kwenye kazi, muombeni mwalimu anayekaa nyumba za shule au mlinzi, mpeni daftari na kalamu na mumuonyeshe jinsi ya kusoma jicho likiwa usawa wa maji. Kama chupa imekaa siku 3 bila kusomwa, andikeni maji yote yaliyokutwa kwenye siku ya kusoma na pembeni muandike "siku 3", kwa namna hiyo jumla ya mwezi haipotei hata kama hamjui kila siku ilinyesha kiasi gani. Chupa ya plastiki jua litaipasua, kwahiyo kateni mbili kabisa, moja iwe akiba.